Taa ya Buluu Kwenye Gari la Kaka

Jumapili, 3 Agosti

Nimeshinda! Peni inasuasua, lakini lazima niandike.

Kikao cha familia kimefanyika sebuleni kwangu. Hoja moja tu: gari la kumpeleka Binti harusini Jumamosi. Binti ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Mimi ndiye Baba Mdogo, nimemlea kama wa kuzaa. Ameomba kitu kimoja: aende harusini ndani ya gari la baba yake. Si jipya. Rangi yake ya maziwa imeshakuwa ya chai. Lakini kiti cha nyuma ndicho alichokalia akipelekwa shule, akimsimulia baba yake ndoto za usiku kucha. Gari hilo niliachiwa mimi, kwa hiyo dereva ni mimi. Nani mwingine?

Shemeji akainua mkono. Huyu ni kaka wa mke wangu. Anauza magodoro na ana gari jipya jeupe, linang'aa hadi unaweza kujinyolea ndevu kwenye mlango. Akasema kwa sauti ya upole kwamba gari la marehemu analiheshimu sana, ila ni zee, na itakuwaje likizima njiani na bibi harusi yumo? Akajitolea lake. Akajitolea na yeye mwenyewe aendeshe. Upole huo! Mtu akiwa mpole kiasi hicho, chunga mifuko yako.

Mwenye neno la mwisho katika ukoo wetu ni Dada Mkubwa. Mimi ni mtu mzima, nina mvi, lakini akinitazama huwa naangalia kama nimenawa miguu. Akakata shauri huku akikata vitunguu: litakwenda gari la marehemu, mradi liwe zima. Ijumaa asubuhi atakuja kulisikiliza mwenyewe. Likikohoa tu, twende na la Shemeji, na asisikie mtu akibisha. Binti akaniangalia. Nikamwambia mwanangu, lala usingizi.

Hapo hapo Dada Mkubwa akajikata kidole gumba. Mama Watoto, mke wangu, ni muuguzi wa wodi ya watoto. Akamfunga plasta. Plasta zake zote zina picha za bata wa njano, maana watoto wakiona plasta ya kawaida hulia zaidi. Dada Mkubwa mzima na kidole cha bata! Sikucheka. Najipenda.

Alasiri, wazo. Gari la harusi lazima lionekane tangu mwanzo wa mtaa. Mimi ni mchoraji wa mabango, najua macho ya watu yanataka nini. Nilikuwa na taa ndogo ya buluu iliyobaki nilipopamba bango la kinyozi. Nikaichomeka mbele, katikati ya zile fito za pua ya gari. Lakini taa inayowaka tu ni taa ya choo. Nilitaka ipepese.

Nikawasha injini. Waya mmoja wa taa nikaufunga kwenye betri, wa pili nikaufunga kwenye sindano ya kushonea ya Mama Watoto. Nikaanza kuchoma nyaya za injini, mmoja baada ya mwingine, kama daktari anayetafuta mshipa. Nyingine kimya. Nyingine taa inawaka kizembe. Kisha nikauchoma waya mmoja mwembamba wa kijani. Juu ya injini kuna vidude vinne vimejipanga safu, na waya huo unakwenda kwenye cha tatu. Taa ikaanza kupepesa. Yenyewe! Nikivuta kamba ya mafuta kwa mkono, inapepesa mbio. Nikiachia, inatulia. Gari lina mapigo ya moyo na mimi nimeyapata! Nilisimama pale mdomo wazi mpaka inzi akafikiria kuingia.

Nikauchuna waya kwa kisu cha mezani, nikasokotea wa taa. Tepu ya umeme ilikuwa imeisha. Nikachukua pakiti ya plasta za Mama Watoto, nikafunga moja vizuri. Kazi safi. Nani atachungulia kule chini?


Jumatatu, 4 Agosti

Nimeosha gari. Si juu tu kama wavivu. Nimefungua boneti nikapiga maji ya mpira kwenye injini yenyewe, kila pembe, kila waya, kwa nguvu zote za bomba. Dada Mkubwa akikagua Ijumaa ajione humo.

Shemeji alipita. Eti anarudisha ngazi. Nilikuwa nimeingia ndani kuchukua kitambaa, nikatoka nikamkuta ameinamia boneti, mikono nyuma, anatazama. Akaguna. Nikamuuliza anaguna nini. Akasema hakuna, ila maji mengi, shemeji. Nikamwambia uchafu nao ni mwingi, shemeji. Akaondoka. Lile guno sikulipenda hata kidogo.


Jumanne, 5 Agosti

Balaa!

Nimeliwasha asubuhi. Limewaka, lakini linatetemeka. Kioo cha pembeni kinatikisika hadi sioni nyuma. Nikikanyaga mafuta linavuta pumzi, linasita, linaruka kidogo, linasita tena. Taa ya chungwa yenye umbo la injini imewaka kwenye dashibodi na haitaki kuzimika, hata nilipoibandika kikaratasi juu. Ile ya buluu bado inapepesa vizuri kabisa. Angalau kuna kitu kimoja ndani ya gari hili kinachofanya kazi!

Nikajua mara moja: mafuta machafu. Nikaenda kituo cha mafuta (kwa kurukaruka), nikasimama katikati ya njia, nikatangaza kwamba wameniuzia maji. Mhudumu hakubishana. Akachukua chupa safi, akajaza mafuta kutoka pampu ile ile, akainua juani watu wote waone. Meupe kama machozi. Akanipa ninuse. Nikanusa. Ni mafuta. Magari nyuma yangu yakaanza kupiga honi. Nikasema leo mmeyabadilisha, nikaondoka kwa heshima, kadiri gari linalorukaruka linavyoruhusu heshima.

Nikabadilisha plagi zote. Bado. Nikapuliza chujio la hewa kwa mdomo. Bado, na sasa nakohoa pia.

Niliporudi nikamkuta Binti getini. Alisikia mlio kabla hajaliona gari. Uso wake ulibadilika. Zamani mlio wa gari la baba yake ulisikika tangu kona ya kwao, naye alikuwa akikimbilia getini hivi hivi. Nikamwambia ni mambo madogo. Akasema sawa, Baba Mdogo. Moyo uliniuma kweli kweli.

Kwa hiyo mpango mpya. Kule barabara ya juu kuna Fundi Umeme, mwanamke mmoja mwenye gereji na sauti ya kuuza samaki. Anajisifu mchana kutwa. Husema hajazaliwa waya wa kumdanganya. Nimegundua hana bango! Mkono mtupu haulambwi. Nitamchorea bango, naye atanipa ujuzi wake. Lakini sitamwambia nina shida. Nitachora taratibu, nitachungulia, nitaiba elimu, nitengeneze mwenyewe. Familia itasema: kumbe na ufundi anao!


Jumatano, 6 Agosti

Nimeona maajabu. Sijui nianzie wapi.

Mpango wa kuiba elimu ulikufa mapema. Gari lilitangulia kunisema. Nilikuwa bado sijaegesha, Fundi Umeme akapaza sauti kutoka ndani bila hata kutoka nje: silinda moja imelala hiyo! Wateja wote wakageuka. Nikasema nimekuja kwa habari ya bango. Akasema bango baadaye, fungua boneti.

Akanieleza vile vidude vinne. Vinaitwa injekta. Kila silinda ina yake. Kila injekta ni mlango mdogo wa mafuta, mdogo kuliko tundu la sindano, na unafunguka na kufungika mara nyingi kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Ukifunguka, mafuta yanatoka kama mvuke, yanaungua, gari linakwenda. Nani anaufungua? Umeme. Kila injekta ina nyaya mbili. Mmoja una umeme wakati wote, unasubiri. Wa pili unatoka kwenye kompyuta ya gari, imefichwa chini ya dashibodi. Kompyuta ikikamilisha njia, mlango unafunguka. Ikiikata, unafungwa. Amri, kimya, amri, kimya. Miaka yote hiyo! Kaka aliendesha gari hili mvua na jua, akiimba vibaya, na chini ya wimbo wake amri zilikuwa zinapita bila kukosea hata moja.

Akanionyesha namna ya kumtafuta aliyelala. Injini ikinguruma, akachomoa soketi ya injekta ya kwanza. Gari likalegea, likakaribia kuzima. Akarudisha. Ya pili, vivyo hivyo. Ya nne, vivyo hivyo. Ya tatu akachomoa, na hakuna kilichobadilika. Hakuna! Ni kama nyumba yenye watu wanne: mmoja akitoka, kazi zinalala. Huyu katoka, na hakuna hata aliyeuliza yuko wapi.

Kisha akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya injekta ya kwanza, mpini akaniambia niweke sikioni. Niliogopa. Nikaweka. Nikasikia: tik tik tik tik tik. Kavu, safi, ya haraka. Niliitoa bisibisi nikamtazama. Akacheka. Nikarudisha. Tik tik tik. Ya pili nayo, tik tik tik. Ya nne, tik tik tik. Usione vyaelea, vimeundwa! Nimeishi na gari hili sijui ndani yake mna watu wadogo wanapiga nyundo usiku na mchana. Nikaweka ya tatu.

Kimya. Kama kaburi. Nilitaka kulia, nikiri hapa ambapo hakuna mtu.

Nikasema basi imekufa, tununue nyingine. Fundi akanitazama kama nimetukana. Akachukua mita yake, akapima injekta yenyewe, kisha akapima zile nyingine. Zinalingana. Akasema huyu hajafa, mzima wa afya, tena ana hamu ya kazi. Ila amri haimfikii. Kompyuta inasema na yeye hasikii. Waya umeoza mahali, au umekatwa, katikati ya safari. Akauliza na ile taa ya buluu mbele ni ya nini. Nikasema ni urembo, tusitoke nje ya mada.

Ndipo akasema neno lililonigonga. Alisema waya wa aina hii hauozi bure. Lazima kuna mkono wa mtu.

Mkono wa mtu! Mbele ya macho yangu akaja Shemeji: ameinama, mikono nyuma (ya kujifanya hana hatia), guno lake. Kikulacho ki nguoni mwako! Fundi alikuwa tayari ameshika koleo afuate waya. Nikamzuia. Nikamwambia asiguse, asifungue, asichungulie. Ijumaa asubuhi aje kwangu, afungue mbele ya mashahidi. Akasema yeye ni fundi, si hakimu, na kazi ya dakika chache haina haja ya mashahidi. Nikamkumbusha bango. Akakubali, huku akitikisa kichwa.

Nilichora bango hilo jioni kwa shukrani zote nilizonazo. Gari kubwa la buluu na radi juu yake. Fundi alilitazama sana, akauliza kama hicho ni kiatu.


Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya kutega mtego.

Nimekwenda kwa Dada Mkubwa asubuhi. Nikamweleza kwa huzuni, nikifuta jicho ambalo halikuwa na kitu, kwamba kuna mtu ndani ya familia hii aliyehujumu gari la marehemu ili lake litukuzwe. Sikutaja jina. Nilitaja magodoro. Dada Mkubwa aliacha kufanya alichokuwa anafanya. Akauliza kama nina uhakika, maana akimwita mtu mbele ya watu kwa jambo kama hilo, hatarudi nyuma, awe nani. Nikasema awe nani! Nilipiga meza. Akasema vizuri, kesho atawaita wote, na Shemeji akiwemo.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimesherehekea kwa chai ya sukari nyingi.

Mama Watoto ananizungukazunguka. Haoni sindano yake ya kushonea. Haoni pakiti yake ya plasta pia. Nikamwambia nina mambo mazito kichwani, asinitie kwenye habari za sindano. Akasema haya, baba, na akaondoka akiimba. Anapoimba hivyo huwa kuna jambo.

Jioni nikamkuta Binti ameketi kwenye kiti cha nyuma cha gari, mlango wazi, peke yake. Nikaingia mbele. Akasema anajua watu wanagombana kwa sababu ya harusi yake, na hataki. Akasema Baba Mdogo, mimi sitaki gari liwe zuri, nataka tu liwe lake. Kama haliwezi, basi, atakwenda na la Shemeji na hatalalamika. Alisema kwa upole, na upole wake si kama wa Shemeji. Mkono wake ulikuwa juu ya kiti, mahali palipochanika, anapaweka sawa.

Nilitamani kumkimbilia Fundi Umeme muda ule ule nimwambie afunge waya, yaishe. Kweli nilitamani. Lakini mashahidi wameshaitwa. Nikamwambia Binti kesho atauona ukweli. Akasema yeye hakuuliza ukweli, aliuliza gari.


Ijumaa, 8 Agosti

Sijui niandike nini. Nitaandika tu.

Walikuja wote. Dada Mkubwa alikaa kwenye kiti katikati ya ua kama jaji, kidole gumba bado kina bata. Mama Watoto alisimama mlangoni. Binti alishika mlango wa gari. Shemeji alikuja na shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola, na akanisalimia vizuri, shikamoo ya kweli kwa Dada Mkubwa, na kwangu mkono wa mikono miwili. Nikaupokea kwa baridi. Fundi Umeme alikuja na sanduku lake na kelele zake.

Nikahutubia. Nilisema ukweli ni kama mafuta, utaelea juu ya maji. Nilisema kuna aliyeinama. Nilisema kuna aliyeguna. Kila mtu akamtazama Shemeji. Shemeji akatazama chini. Maskini! Hapo nilidhani ni hatia.

Fundi akaanza. Gari likawashwa, likatetemeka mbele ya wakubwa. Dada Mkubwa akafinya midomo. Fundi akachomoa soketi ya injekta ya tatu, akaingiza testa yake, taa ndogo kwenye kalamu. Upande wa umeme wa kusubiri: upo. Upande wa amri: testa ikakaa giza. Akasema mnaona, amri haifiki. Kisha akajiviringisha chini ya dashibodi miguu nje, akapima waya ule ule unapotoka kwenye kompyuta. Akatuita tuchungulie. Testa ilikuwa inapepesa! Tik tik tik, nuru ndogo, bila kuchoka. Nilisahau kesi nzima. Jamani, kompyuta haikujua kwamba hakuna anayesikia! Siku zote hizi ilikuwa inatoa amri kwa mtu asiyejibu, haikukata tamaa. Nikamshika Shemeji bega nikamwambia tazama, tazama! Naye akasema ajabu, shemeji.

Fundi akasema amri inatoka, haifiki, basi mwizi yuko njiani. Akafuata waya wa kijani kwa vidole, kutoka ukutani mwa injini kuja mbele. Akapita kwenye bomba. Akapita nyuma ya kikombe cha chujio. Akasimama.

Akavuta kitu juu kidogo. Mwanga wa jua ukakipiga.

Plasta. Yenye bata wa njano.

Fundi akaibandua. Maji yakadondoka. Ndani, waya ulikuwa umekatwakatwa nyuzi zake kwa kitu butu, na nyuzi chache zilizobaki zimeoza, kijani cha kutu. Na kutoka hapo hapo, kabla ya mahali palipokufa, waya mwingine ulikuwa unakwenda mbele, unakwenda, unakwenda, hadi kwenye taa ya buluu. Inapepesa kwa raha zake. Fundi akasema amri zote alizokuwa anatafuta zilikuwa zinacheza ngoma puani mwa gari.

Dada Mkubwa akatazama bata wa kwenye waya. Akatazama bata wa kwenye kidole chake. Akanitazama mimi. Niliangalia miguu yangu. Nilikuwa nimenawa, haikusaidia.

Nilijaribu. Lazima niandike kwamba nilijaribu. Nilisema mhujumu mwerevu angetumia plasta ya nyumba hii makusudi ili anisingizie. Mama Watoto akauliza, kwa sauti ya wodini, na sindano yangu je? Nikaitoa mfukoni. Sijui kwa nini nilikuwa nayo mfukoni.

Dada Mkubwa akasema, nyani haoni kundule. Akasema neno hilo tu. Ningependa angepiga kelele.

Nikamgeukia Shemeji. Ilinibidi, watu wote walikuwa wananitazama nigeuke. Nikasema samahani, shemeji. Akasema aliguna kwa sababu aliona bata, akadhani ni mambo ya watoto, na hakutaka kunifedhehesha. Upole tena! Huyu mtu hana huruma.

Fundi hakungoja tumalize. Akakata kipande kilichooza, akaunganisha waya mzima, akaushika kwa lehemu, moshi mdogo ukapanda, akauvisha mfuko wa plastiki akaupasha ukabana. Taa ya buluu akaichomoa akampa Dada Mkubwa, naye akaifungia kwenye mkoba wake. Fundi akarudisha soketi. Akaniambia niwashe.

Nikawasha. Likakohoa mara moja. Kisha likanyooka. Ule mlio! Wa chini, wa sawa, wa mtu aliyekula akashiba. Kioo kikatulia, nikauona uso wangu vizuri, bahati mbaya. Binti aliweka kiganja juu ya boneti. Machozi yakaanza kumtoka na anacheka humo humo. Akasema ni yeye. Akasema Baba Mdogo, sikiliza, ni yeye anakuja kona ile.

Nami nikasikia. Ni kweli, ndivyo Kaka alivyokuwa akija. Sote tulisimama kuzunguka injini inayonguruma, hata Dada Mkubwa, hata Shemeji na shati lake, na hakuna aliyetaka kuizima.

Kisha hukumu. Litakwenda gari la marehemu. Ataendesha Shemeji. Mimi nitakaa mbele kushoto kwake, mikono juu ya magoti, mahali Dada Mkubwa ataiona.


Jumamosi, 9 Agosti

Harusi imefana.

Nilikaa mikono magotini njia nzima. Watu wa mtaani walinipungia mkono, sikuweza kupunga. Nyuma alikaa Binti na Dada Mkubwa, mkoba umekumbatiwa. Shemeji anaendesha vizuri, lazima niseme, hafinyi gia. Tulipofika kona ya kwa Kaka, alipunguza mwendo bila kuambiwa na mtu. Binti akafumba macho. Injini ikaimba pole pole, injekta zote nne, na mimi nilikuwa nazihesabu kwa sikio: wewe, wewe, wewe, na wewe mtoro wangu, umerudi. Nililia. Si machozi ya kufuta kwa ujanja, yale ya kweli, yenye makamasi. Shemeji akanipa leso yake. Imepigwa pasi.

Tulipofika, Binti aliniambia sikioni kwamba hakuna siku baba yake amekuwa karibu hivi tangu aondoke. Akanishukuru. Mimi! Na plasta yangu! Nikamwambia ni wajibu, mwanangu.

Nalala nikijiuliza nimefanya nini kustahili familia hii.


Jumapili, 10 Agosti

Nimetafakari sana. Nimejifunza jambo moja kubwa: kosa lilikuwa maji. Plasta yenyewe ilishika vizuri.

Habari za mtaani: bango la Fundi Umeme linavuta wateja. Leo wawili walimpelekea viatu vya kushona. Amelipindua likatazama ukuta. Wivu, labda.

Shemeji amelala kwetu baada ya harusi, amechoka. Nimekuwa nikiwaza namna ya kumwomba msamaha kwa vitendo, maana maneno hayatoshi kwa mtu aliyekusitiri vile. Gari lake jipya jeupe limeegeshwa uani, zuri sana, lakini, tuwe wakweli, halina mvuto mbele. Nina taa nyekundu iliyobaki kwenye bango la mkahawa. Funguo zipo juu ya meza.

Nimefungua boneti. Ajabu tupu! Nyaya ni nyingi kuliko za Kaka, nyembamba kama nywele, kila mmoja lazima unabeba amri ya kitu fulani. Nimesimama pale kwa heshima kubwa. Kisha nikachukua sindano (Mama Watoto ameificha ndani ya boksi la chai, mahali pa kwanza nilipotazama). Kuna waya wa zambarau unapepesa mbio sijapata kuona. Mbio! Taa nyekundu karibu iruke. Shemeji akiamka atashangaa.

Na safari hii nimetumia akili. Hapatamwagwa maji. Tena plasta za bata sizigusi kabisa, zile zimenisaliti mbele ya ukoo mzima. Mama Watoto ameleta pakiti mpya kutoka wodini, ina picha za sungura. Nani hajui kwamba sungura hakamatwi?